Dakika ya Kwanza Mbele ya Meza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lubumbashi

Kwa miaka kadhaa nilikaa upande ule wa meza ambao watu wanauogopa. Nilikuwa napokea dosie, yaani mafaili ya maombi ya kazi, na kusaili watu kwa niaba ya kampuni ndogo ya kandarasi inayofanyia kazi wachimbaji wakubwa. Siku hizi nakaa na vijana wa Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, kabla hawajaenda kusailiwa, na wanafunzi kabla hawajasimama mbele ya juri, yaani walimu wanaopima kazi zao za kuhitimu chuo. Maswali wanayoniuliza ni yale yale, ndiyo maana nimeyaandika hapa. Mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine kwa mstari mmoja, kwa sababu hayastahili zaidi.

Ni kweli kwamba mtu anakuhukumu kabla hujafungua mdomo?

Ni kweli kuliko tunavyopenda. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za nyuso za wageni kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, kisha wakawauliza: huyu anaaminika? Anaweza kazi? Majibu yalifanana sana na ya watu walioachwa watazame bila haraka. Na muda ulipoongezwa, hukumu haikugeuka sana. Kilichopanda ni uhakika wa anayehukumu.

Lakini zile zilikuwa picha. Picha haikusalimii, haikujibu swali, haina cheti cha umeme wala miaka mitatu ya kuendesha mashine. Katika usaili unapewa dakika ishirini au thelathini ambazo picha haikupewa. Kwa hiyo usiende ukidhani kwamba uso wako umekwisha kukuponza.

Kwa nini basi mwanzo una uzito hivyo?

Kwa sababu mwanzo unakuwa miwani ambayo kwayo mtu anatazama yanayofuata. Mwaka 1946 Solomon Asch aliwasomea watu sifa za mtu mmoja: mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi jingine likasomewa sifa zile zile kutoka mwisho kwenda mwanzo. Waliomsikia akianza na "mwerevu" walimwona mtu wa maana mwenye kasoro zake. Walioanza na "mwenye wivu" walimwona mtu wa matatizo. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa.

Nimeliona hilo mwenyewe. Mtu akianza vizuri kisha akakwama kwenye swali, tunasema "anafikiri". Aliyeanza vibaya akikwama pale pale, tunasema "hajui". Si haki, lakini ndivyo inavyokwenda mezani.

Usaili unaanzia wapi hasa?

Getini. Swali hili huulizwa na wachache, nami naona ndilo kubwa kuliko yote.

Kwenye kampuni yetu, sentineli wa getini alikuwa mzee aliyekuwa hapo kabla yetu sote. Hakuna aliyempa kazi ya kutathmini watu, lakini asubuhi ya usaili kila mkubwa aliyeingia alisimama kumsalimu, naye alisema alichokiona. "Ule mutoto eko na heshima." Au alinyamaza, na kunyamaza kwake tulikuelewa. Siku moja alikuja kijana mwenye dosie safi, diploma nzuri, Kifaransa kama maji. Getini alipoambiwa aandike jina kwenye daftari, akamjibu mzee bila kumtazama kwamba yeye hakuja kuonana na walinzi. Tulimsaili, alijibu vizuri. Tulipokaa kuamua, mmoja wetu akauliza: huyu tukimpeleka kwenye timu ya mafundi wenye umri wa baba yake, itakuwaje? Mjadala ukaishia hapo.

Kwa hiyo ukifika: "Jambo papa. Nakuya ku entretien ya saa mbili", yaani nimekuja kwa usaili wa saa mbili. Toa kitambulisho kabla hujaombwa, andika jina kwa mwandiko unaosomeka, shukuru. Ukiingia ndani, mama anayefagia ukumbi msalimu. Sekretere msalimu. Na wale wengine waliokaa kwenye benchi wakingoja kama wewe, wasalimu pia. Mwanamke aliyekaa pembeni yako na faili mapajani anaweza kuwa mshindani wako, na anaweza kuwa mhasibu wa kampuni anayesubiri sahihi ya mkubwa.

Na simu, jamani. Ukumbini si mahali pa kusikiliza ujumbe wa sauti wa shemeji.

Nifike saa ngapi?

Dakika kumi na tano kabla. Ukiwahi zaidi ya hapo, subiri nje, kunywa maji, jipanguse.

Swali lenye kazi ni saa ipi. Ukiambiwa kwa Kiswahili "saa mbili", na barua imeandikwa kwa Kifaransa, hakikisha: ni *huit heures*, yaani saa mbili asubuhi, au *deux heures*, yaani saa nane mchana? Nimeona mtu amefika mchana kwa usaili wa asubuhi, akiapa kwamba ameambiwa *deux heures*. Na kama wanaokusaili wako Kinshasa na mtaonana kwa simu ya video, kumbuka Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa nne yetu ni saa tatu kwao. Uliza swali moja tu: "Ni saa ya Lubumbashi au ya Kinshasa?" Hakuna atakayekuona mjinga. Atakuona mtu anayejua kupanga kazi.

Kama unatoka Likasi au Kipushi, usiweke matumaini kwenye gari la asubuhi ile ile wakati wa mvua. Lala kwa ndugu mjini.

Sina koti wala kravati. Nivae nini?

Nguo safi, iliyopigwa pasi, inayokukaa. Shati la mtumba lililofuliwa vizuri linashinda koti la kuazima ambalo mabega yake yanafika kwenye viwiko. Mtu aliyevaa koti la kaka yake anaonekana kutoka mbali, na mbaya zaidi, yeye mwenyewe analihisi na kulivuta vuta muda wote. Dada akija na kitenge kilichoshonwa kwa adabu amevaa sawa na aliyekuja na suti.

Uliza kama mtatembezwa kwenye eneo la kazi. Kama ndiyo, viatu viwe vya kufunika mguu wote. Sandali na visigino virefu vinamwambia msimamizi wa usalama kwamba hujui unakokwenda.

Kuhusu vumbi: kuanzia Mei hadi Oktoba mji wetu ni mwekundu, na nyuma ya pikipiki hakuna anayefika mweupe. Beba kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu vifutwe nje ya geti, si ukumbini. Dosie iwe ndani ya bahasha ngumu. Karatasi yenye alama ya kidole chekundu nimeipokea mara nyingi, na ingawa sikumnyima mtu kazi kwa ajili hiyo, niliikumbuka.

Nimpe mkono? Na nimtazame machoni?

Vitabu vingi vya ushauri vimeandikwa kwa ajili ya watu wa kwingine. Vinasema: ingia, nyoosha mkono kwa nguvu, mtazame machoni bila kupepesa. Sisi tumelelewa vingine. Mtoto hamnyooshei mzee mkono kwanza, na kumkazia macho baba yako ilikuwa njia ya kutafuta fimbo.

Ninachowaambia vijana ni hiki. Mkono subiri upewe. Ukipewa, upokee kwa mkono wa kulia, na kama ni mtu mzima, shika kidogo kiwiko chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama tunavyofanya nyumbani. Hakuna mgeni atakayeona kosa hapo, na mzee wa kwetu ataona malezi. Wengine hawatoi mkono kabisa, kwa dini au kwa mazoea tu. Kichwa kikiinama kidogo pamoja na salamu kinatosha.

Macho ni jambo jingine. Ukiinamisha macho muda wote, mzee wa Kenya au Kamalondo ataelewa kuwa ni heshima. Mhandisi aliyetoka Afrika Kusini au China anaweza kufikiri unaficha kitu. Njia ya kati ipo: mtazame anayeuliza wakati anauliza, na mtazame tena unapomaliza jibu. Katikati, macho yako yaende yanakotaka. Kama wanaokusaili ni watatu, jibu lianze kwa aliyeuliza, lipitie kwa wengine. Watu wengi humjibu yule mwanaume mnene wa katikati hata kama swali limetoka kwa mama aliyekaa pembeni, na mara nyingi mama huyo ndiye shefu wa pesoneli, mkuu wa wafanyakazi.

Usikae kabla hujaambiwa. Ukiona wamesahau, uliza: "Naweza kukaa?"

Niongee lugha gani?

Ile wanayokusalimia. Kwa kawaida ni Kifaransa. Kama wamekusalimu kwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili, kisha wafuate watakapohama. Usiwe wa kwanza kuwavuta kwenye lugha ya nyumbani kwa sababu umesikia lafudhi ya mmoja wao ukadhani ni ndugu.

Kifaransa chako kikiwa na makosa, sema polepole kwa sentensi fupi. Makosa ya jinsia ya maneno hayamfukuzi fundi. Kinachofukuza ni sentensi ndefu za kuazima ambazo mwenyewe hajui zinakoishia. Na ikiwa CV yako imeandika kwamba unajua Kiingereza "vizuri", andaa walau maneno matano ya kujitambulisha, maana kuna kampuni ambazo mtu atageuka ghafla na kukuuliza kwa Kiingereza, na pale ndipo wengi huanza kukohoa.

"Jieleze kidogo." Nianzie wapi?

Usianze na kuzaliwa. Nusu ya watu niliowasaili walianza na "Nilizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanane, nilisoma shule ya msingi…" Dakika mbili zimekwisha na bado tuko darasa la nne. Yote hayo yako kwenye dosie niliyoishika mkononi.

Anza na kazi unayoiweza, halafu ushahidi wake, halafu kwa nini uko hapa. Sentensi tatu. Kwa mfano:

"Mimi ni fundi umeme wa viwandani. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikitunza pampu na mota kwenye kiwanda cha unga, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mashine haisimami usiku. Nimeona mnatafuta mtu wa zamu ya usiku, ndiyo maana nimeleta dosie."

Na kama hujawahi kufanya kazi? Hilo ndilo la wengi. Tafuta kitu ulichokifanya chenye mwanzo na mwisho: staji (mazoezi ya kazi), mafunzo ya ufundi ya INPP, taasisi ya serikali, hesabu za kikundi cha likelemba cha mama, wanaochanga na kupeana pesa kwa zamu, kwaya ya parokia uliyoipangia safari. Dada mmoja aliniambia, "Kwa miaka mitatu natunza daftari la likelemba la akina mama kumi na wawili, na hakuna mwezi ambao pesa ilipungua." Nilisahau mara moja kwamba hakuwa na uzoefu wa ofisini. Yeyote anayejua likelemba anajua kwamba akina mama kumi na wawili ni wakaguzi wakali kuliko wa benki.

Sentensi hizo tatu zikariri neno kwa neno, zisemee mbele ya mdogo wako mpaka azijue yeye pia. Ila yanayofuata usiyakariri. Mtu aliyekariri kila kitu anapoulizwa swali lisilokuwemo kwenye kichwa chake, anavunjika kama kikombe.

Nimesikia kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu.

Umesikia vibaya, na aliyekuambia alisikia vibaya pia. Namba hizo zimetokana na majaribio ya Albert Mehrabian wa mwaka 1967, ambapo watu walisikia neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti na kuambiwa wakisie kama msemaji anampenda mtu au la. Ni habari ya hisia pale ambapo neno na sauti vinagongana. Mehrabian mwenyewe amesema haifai kupelekwa kwenye mazungumzo yote. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, ungeelewa filamu ya Kichina bila kujua Kichina.

Nikiogopa, mikono inatetemeka. Wataona?

Wataona kidogo kuliko unavyodhani. Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walimvisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wale walimwonea aibu, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya watu waliiona picha. Walioiona hasa walikuwa karibu robo. Gilovich na Kenneth Savitsky wakaonyesha mwaka 2003 kwamba hata wanaohutubia hudhani hofu yao inaonekana kuliko inavyoonekana, na wale walioelezwa jambo hilo mapema walihutubia vizuri zaidi. Basi nimekueleza.

Zaidi ya hapo: usishike karatasi moja mkononi, kwa sababu karatasi moja hutangaza mtetemo. Shika faili. Na kunywa chai na mkate kabla ya kutoka. Tumbo tupu na hofu vinafanana sana.

Natetea kazi yangu chuoni. Nianzeje mbele ya juri?

Hapa kuna mtego wetu wenyewe, nao ni protokole. Mwanafunzi anapewa dakika kumi au kumi na tano, anatumia nne kumsalimu mwenyekiti wa juri, wajumbe, mwongozaji, mapadri, wazazi, wajomba waliotoka Kolwezi, na "kila mmoja kwa cheo na sifa zake". Salamu ni lazima, sisemi uziache. Lakini ziwe sentensi mbili: mwenyekiti na wajumbe wa juri kwa vyeo vyao, kisha "ndugu na marafiki". Shukrani za wajomba ziko kwenye ukurasa wake ndani ya kazi yako.

Baada ya salamu, watu wengi husema mada yao neno kwa neno, ambayo tayari imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Anza badala yake na kilichokusukuma. Kama umeandika juu ya taka za plastiki sokoni, tuambie ulichokiona sokoni Kenya asubuhi baada ya mvua, mfereji ulioziba, maji yaliyofika kwenye meza za wauza samaki. Sentensi mbili. Halafu: "Swali langu lilikuwa hili." Juri imesikia kazi nne kabla yako siku hiyo. Itainua kichwa.

Umeme. Kila mtu anajua habari ya umeme. Jiandae kusema yote bila projekta: karatasi tano za michoro iliyochapishwa kwa wajumbe, na wewe ujue mpangilio wako kichwani. Nimewahi kukaa kwenye utetezi ambapo umeme ulikatika slaidi ya pili. Mwanafunzi alisimama kimya kama dakika tatu akitazama ukuta mweupe, tukimtazama. Aliyemfuata, umeme ukiwa bado haujarudi, aligawa karatasi zake, akasogea hatua mbili mbele ili sauti ifike nyuma, akaendelea. Kazi yake haikuwa bora kuliko ya yule wa kwanza, mimi niliyezisoma zote mbili nasema hivyo. Alama zake ndizo zilikuwa bora.

Na mjumbe akikukosoa, usianze kujibu kabla hajamaliza. Andika swali. Kalamu ikitembea, inakupa muda wa kupumua.

Nikiulizwa mshahara?

Usianze wewe. Ukiulizwa, taja kiwango kati ya namba mbili ambazo umeziulizia mapema kwa watu wanaofanya kazi hiyo, na useme kama ni kabla au baada ya makato. Uliza pia muda wa majaribio: kwa sheria ya kazi ya mwaka 2002, hauwezi kuzidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na fani, wala miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Kuuliza hivyo kwa utulivu hakukuharibii sura.

Wameniomba pesa ili nipangiwe usaili.

Usitoe. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni iliyotajwa, uulize getini. Mara nyingi utakuta hawajui habari hiyo.

Nilianza vibaya kabisa. Nilichelewa, nikamwita mama "Monsieur", yaani bwana. Nitoke tu?

Kaa. Sema mara moja, kwa sentensi moja, bila hadithi ya trafiki: "Nimechelewa, naomba msamaha, ni kosa langu la kupanga safari." Kisha acha. Anayeomba msamaha mara tano anatukumbusha mara tano. Kampuni nyingi huwauliza watu wote maswali yale yale na kuandika alama kwa kila jibu, kwa hiyo jibu zuri la swali la sita bado lina nafasi yake kwenye karatasi. Na ukiona mwishoni kuna kitu ulikijibu vibaya, una ruhusa ya kusema: "Naomba nirudi kidogo kwenye swali la pampu." Niliyempenda kuliko wote katika miaka ile alifanya hivyo.

Nikishatoka?

Muage sekretere, muage mzee wa geti. Ukiwa na anwani yao, andika ujumbe mfupi siku hiyo hiyo wa kushukuru, mistari mitatu, usiotaja njaa wala watoto.

Kisha kuna simu. Siku zile za kungoja, namba usiyoijua ipokee kwa salamu na jina lako, si kwa "Allô, nani?" ya kugomba. Na weka namba ya pili kwenye CV, ya mtu ambaye kwao betri haizimiki. Kuna mtu tuliyemchagua, wote kwa sauti moja. Nilimpigia Ijumaa asubuhi, mchana na jioni. Simu imezimwa, mtaani kwao umeme haukuwepo tangu Jumatano. Jumatatu mashine ilikuwa inamngoja mtu, nikampigia wa pili kwenye orodha, akapokea mlio wa kwanza. Tangu hapo, nikipewa CV ya kijana niiangalie, jicho langu linakwenda kwanza juu kulia, kuhesabu namba za simu.